Mandari na Mghafala: Jawabu kwa Mama Aliyeuliza

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatandikia waja wake ardhi, akaitia milima na mabonde, na akateremsha maji kutoka juu yakahuisha nchi iliyokufa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hata Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, nawaandikia waraka huu kutoka Diff, mji mdogo ulioko Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia, ambako nimekaa tangu mwezi wa Julai nikisomesha. Huku sasa ni mwisho wa Hagaa, msimu wa upepo na vumbi, na watu wanaingojea Deyr, yaani zile mvua za kuanzia Oktoba ambazo sisi wa pwani twaziita vuli. Nanyi huko naijua hali yenu kana kwamba nawaona. Kusi limepunguza ukali wake, bahari imetulia, demani imeingia, na kila nyumba yazungumza habari ya mandari. Huyu aenda pwani, yule aenda shamba, na wengine wanavuka kwenda visiwani na sufuria zao na mikeka yao.

Katika siku hizi nimeletewa barua na mama mmoja wa mji wetu. Mwanawe ana umri wa miaka kumi, ni mwanafunzi wa darsa letu, na mwaka jana alikuwa pamoja nami katika mandari ambayo habari yake nitaieleza mbele. Mama huyu ameuliza mambo mawili. La kwanza, je, ni kweli kama alivyosema mtu mmoja msikitini, kwamba mandari ni upuuzi ulioharamishwa na kwamba yaliyotupata yalikuwa ni adhabu? La pili, je, mwaka huu amruhusu mwanawe kwenda na wenzake, au amzuie?

Swali hili si la mama mmoja. Watu wetu katika jambo hili wamekuwa mafungu mawili. Fungu la kwanza huona kila furaha ni dhambi, na kila kicheko ni dalili ya moyo uliokufa. Fungu la pili husema, "Siku ni moja tu katika mwaka, na Mungu ni Mwenye kusamehe," kisha wakaiacha dini nyumbani pamoja na paka, wakaifungia mlango. Nimeona ni wajibu wangu kulijibu swali hili mbele yenu nyote, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa walioulizwa, na nitakuja kuulizwa tena mbele ya Yule asiyefichwa kitu.

Tuanze na hukumu yenyewe. Wanavyuoni wamekubaliana juu ya kanuni iliyo mashuhuri, nayo ni kwamba mambo ya dunia asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Anayesema jambo ni haramu ndiye anayedaiwa ushahidi, wala hadaiwi anayelifanya. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Aaraf, aya ya 32, amewakemea kwa swali zito wale wanaojiharimishia mapambo na vitu vizuri alivyowatolea waja wake. Basi mtu na aogope kuwaharimishia watu kwa ulimi wake jambo ambalo Mola wao hakuliharimisha.

Tena si kwamba mandari haikukatazwa tu, bali asili yake iko katika mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa juu ya kutoka kwenda nyikani, naye akajibu kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka kwenda kwenye zile njia za maji zinazoteremka kutoka kwenye miinuko. Siku moja alipotaka kutoka alimpelekea Bibi Aisha ngamia jike asiyezoea kupandwa, akamuusia amfanyie upole, na akamfahamisha kuwa upole hauingii katika kitu ila hukipamba, wala hauondolewi katika kitu ila hukitia dosari. Tazama, ndugu msomaji! Mtume wa Mungu, mwenye mzigo wa umma wote mabegani, alitoka nje ya mji akaenda kutazama maji na majani. Wala hakusahau katika matembezi hayo kumfundisha mkewe adabu ya kumhurumia mnyama.

Na katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Hanzala (r.a.), aliyekuwa mmoja wa waandishi wa Mtume. Alidhani amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kama kwamba ni kwa macho, na akirudi kwa mkewe na watoto wake na mashamba yake husahau mengi. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu. Alimwambia kuwa lau wangedumu katika hali ile waliyokuwa nayo mbele yake, Malaika wangepeana mikono nao vitandani mwao na njiani mwao, lakini ni saa na saa. Maneno hayo aliyakariri mara tatu.

Hapa yataka uangalifu, kwani wako watu walioigeuza hadithi hii ikawa hati ya uasi. Husema, "Saa ya Mungu na saa ya moyo wangu," na muradi wao ni saa ya Mungu na saa ya Shetani. Hanzala hakulalamika kwamba akirudi nyumbani hulewa au huacha sala. Alilalamika kwamba hucheza na watoto wake. Basi ile saa ya pili ni saa ya halali ya kupumzisha moyo upate nguvu ya kurudi katika saa ya kwanza. Saa zote mbili ni za Mungu.

Baada ya hayo, napenda tuifungue Sura ya Yusuf, kwani ndani yake mna habari ya mandari, na wengi wetu twaisoma tukaipita. Ndugu zake Nabii Yusuf walimwendea baba yao, wakamwomba awape Yusuf kesho yake aende pamoja nao akafurahi na kucheza, nao wakaahidi kumlinda. Hiyo ni aya ya 12. Je, Nabii Yaqub aliwajibu nini? Hakuwaambia kuwa kucheza ni haramu. Hakusema kuwa mtoto wa Mtume hachezi. Alisema kuwa yamhuzunisha wao kumchukua, na kwamba anaogopa asije akaliwa na mbwa mwitu hali wao wameghafilika naye. Hiyo ni aya ya 13.

Lizingatieni neno hili. Mbwa mwitu hakumla Yusuf. Lakini mghafala aliouogopa Nabii Yaqub ndio mlango ambao kila mbwa mwitu hupitia. Mbwa mwitu wa nyika ni mnyama, na mbwa mwitu wa pwani ni mkondo wa maji, na mbwa mwitu wa moyo ni Shetani. Wote watatu humngoja mtu aghafilike.

Kisha tazameni walivyojibu wale ndugu. Walisema kwamba vipi ataliwa na mbwa mwitu hali ya kuwa wao ni kundi? Walijitegemea kwa wingi wao. Na jibu hili ndilo jibu letu mpaka leo. Twasema, "Tuko wengi, hapana taabu," na kila mmoja katika wale wengi anadhani mwenziwe ndiye anayetazama.

Sasa nitaeleza yaliyonipata, wala sitajificha. Mwaka jana katika demani tuliwachukua wanafunzi wetu kwenda mandari pwani, watoto 22, nasi watu wazima tulikuwa sita. Tulifika saa nne za asubuhi, na maji yamekupwa kupwa kukubwa. Watoto walifurahi furaha ambayo hapana mwenye moyo angeichukia. Wakakimbia mchangani, wakaokota kombe, wakatembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga lililojitokeza mbali. Sisi wakubwa tukakaa chini ya mkungu. Huyu akikuna nazi, yule akipuliza moto, nami nikizungumza na mwenzangu juu ya masuala ya mirathi. Mazungumzo yalikuwa ya elimu, na kwa hiyo sikuona kuwa nimo katika mghafala.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Mimi huitazama kalenda ya mwezi kila mara kwa ajili ya zile funga za siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15. Lakini sikukumbuka jambo ambalo kila mvuvi wa pwani analijua tangu utoto wake, kwamba siku hizo hizo ndizo siku za bamvua, na kwamba maji yaliyokupwa mbali asubuhi hurudi kwa nguvu mchana, yakajaza kwanza mfereji ulio baina ya fungu na nchi kavu, hata aliyeko kule akageuka akaona hana njia.

Ilipoingia adhuhuri, mmoja wetu akasema, "Wali u karibu kuiva. Natungoje tule kwanza, wakati wa sala bado ni mpana." Nami, Mungu anisamehe, niliyainamia maneno hayo. Wakati ulikuwa mpana kweli, na fatwa yangu ingekuwa sahihi. Lakini mzee mmoja, mpishi wetu, mtu asiyesoma ila sura chache, akaweka mwiko chini akasema, "Shekhe, tuadhini. Chakula hakikimbii."

Tukaadhini, tukapanga safu. Nikageuka kama ada ya imamu, nikasema wasawazishe safu zao, na nilipowatazama watoto nikaona pengo. Nikahesabu, nikapata 21. Nikahesabu tena, nikapata 21. Tukavunja safu, tukakimbilia majini. Mtoto alikuwa juu ya fungu, nalo fungu limebakia kama mkeka mmoja, na maji yamemfika magotini. Mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na hori yake alimwona kabla ya sisi kumfikia, akamchukua, akamleta. Mtoto alikuwa akitetemeka, hakuweza kusema. Tulisali adhuhuri yetu kwa machozi, na safu ilikuwa kamili.

Ndugu zangu, nimelifikiri jambo hili usiku mwingi. Wale waliosema kuwa ilikuwa ni adhabu ya mandari hawakuona vizuri. Mandari haikumtia mtoto yule hatarini. Kilichomtia hatarini ni mghafala wangu, nami ningeweza kughafilika vilevile nyumbani kwangu akatumbukia kisimani. Na kilichomwokoa, baada ya fadhila ya Mwenyezi Mungu na mkono wa yule mvuvi, ni sala iliyosaliwa mwanzo wa wakati wake. Lau tungengoja wali uive, nani angehesabu? Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba sala si kitu kinachokatiza furaha ya mja. Sala humshika mja mkono katikati ya furaha yake, ikamwuliza, "Uko wapi? Na ulio nao wako wapi?"

Basi mghafala katika mandari ni wa namna nyingi, nami nitataja minne iliyoenea kwetu.

Wa kwanza ni mghafala wa sala. Watu hutoka asubuhi, na adhuhuri ikapita, na alasiri ikapita, na jua likachwa, kisha wakasema watalipa nyumbani. Wengine husingizia kukosa msikiti, na wengine husingizia mchanga na nguo zilizolowa. Je, hawakusikia kuwa Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Bukhari, alieleza kuwa ardhi imefanywa kwake ni mahali pa kusujudia na ni chombo cha kujitoharishia, na kwamba mtu wa umma wake popote itakapomkuta sala na asali? Wengine nao hukusanya na kupunguza sala kwa madai kwamba ni wasafiri, hali ya kuwa wamekwenda mwendo wa saa moja na jioni wamerudi. Madhehebu yetu ya Shafi yamesharutisha safari ya marhala mbili, ambayo kwa kipimo cha leo ni zaidi ya kilomita 80. Kuvuka kivuko na sufuria ya pilau si safari. Na aliyelazimiwa na Ijumaa asitoke baada ya alfajiri ya siku hiyo kwenda mahali ambapo ataikosa.

Wa pili ni mghafala wa israfu. Tunajua kuwa katika Sura ya Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na tumekatazwa kupita kiasi. Lakini mandari yetu imekuwa ni mashindano. Nyumba hii ikipika biriani, nyumba ile itaongeza kuku wa kuchoma na samaki wa kupaka, hata masikini akaona haya kumpeleka mwanawe na mahamri na mbaazi peke yake. Nusu ya chakula huliwa, na nusu humwagiwa kunguru. Na katika jambo hili iko dhulma ambayo wanaume hatuitaji. Wanawake hukesha usiku wakipika, wakabeba, wakapakua, wakaosha vyombo kwa maji ya chumvi, wakarudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Hiyo ni mandari ya nani? Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, kama ilivyopokewa na Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ilipofika sala hutoka akaenda kusali. Mwanamume na akune nazi, na aoshe sufuria, ili na mama wa watoto wake apate kuitazama bahari.

Wa tatu ni mghafala wa kuharibu mahali. Mtume (s.a.w.) amewatahadharisha watu na mambo yanayoleta laana, akataja kwenda haja kwenye maji wanayoyafikia watu, na katikati ya njia, na katika kivuli wanachokaa. Amelipokea hili Abu Daud. Akatufundisha tena kuwa kuondosha cha kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi ikiwa kuondosha ni imani, kutia ni nini? Nenda pwani asubuhi ya pili baada ya mandari yetu uone mikebe na chupa na mifupa na nepi za watoto. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumiwa mara moja katika fukwe na hifadhi. Ni aibu kubwa kwa umma wenye hadithi kama hizi kungojea askari wa serikali aje auambie kitu ulichoambiwa na Mtume wake zaidi ya miaka 1400 iliyopita.

Wa nne ni mghafala wa macho na haya. Sitarefusha. Mahali pa wazi hapaondoi sitara, wala furaha haigeuzi ajinabi akawa maharimu. Chagueni mahali ambapo wanawake watapata faragha yao, mkatengeneza kabla ya kutoka, ili msije mkagombana mbele ya watoto mkiisha kufika.

Sasa nitawasimulia niliyoyaona hapa Diff, kwani nilipokuja nilidhani kwamba nchi hii kavu haina mandari, nikakuta kwamba inayo iliyo njema kuliko yetu. Jioni, jua likilegea, wazee na vijana hutoka nje ya mji wakakaa chini ya migunga, penye ukingo wa laga iliyokauka. Hawana wali wala nyama. Wana maziwa ya ngamia, na chai iliyotiwa iliki na mdalasini, na maneno mazuri ya mashairi yao. Magharibi ikiingia, mmoja husimama akaadhini kwa sauti yake yote, hali hapana msikiti wala mnara, wala wa kumsikia ila mbuzi na miti. Nilipomsikia mara ya kwanza nilikumbuka wasia wa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwa mtu aliyependa kondoo na nyika, kwamba akiadhini na ainue sauti, kwani hapana jini wala mtu wala kitu kitakachoisikia sauti ile ila kitamshuhudia Siku ya Kiama, na kwamba hayo ameyasikia kwa Mtume (s.a.w.). Imo katika Sahihi ya Bukhari. Mimi hadithi hii nimeisomesha miaka mingi. Hapa nimeiona ikitendwa na mchunga ngamia.

Nilimwuliza mzee mmoja, "Mwakaa hapa kwa ajili ya kupunga upepo?" Akanijibu, "Twakaa kutazama mawingu, Sheikh." Akanieleza habari ya ukame. Misimu mitano ya mvua ilifuatana, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, na kila msimu haukuja au ulikuja pungufu. Mifugo ilikufa kwa wingi, na mwenye ng'ombe jana akawa leo ni mtu wa kungojea lori la maji na mtungi mkononi. Kisha mwaka 2023, katika Oktoba na Novemba, mvua ikaja kwa mafuriko, ikakata njia na kuchukua nyumba na mifugo katika Garissa, Wajir na Mandera. Watu hawa wamejaribiwa kwa kukosa maji na wamejaribiwa kwa maji yenyewe.

Ajabu niliyoiona ni kwamba mitihani hii haikuwafanya waichukie nje. Mzee yule aliniambia kuwa mvua ya kwanza ya Deyr ikinyesha, wakubwa na wadogo hutoka wakaloa, na hapana anayemkataza mtoto. Nikamwambia kuwa hiyo nayo ni Sunna, kwani Anas (r.a.) amesimulia, katika Sahihi ya Muslim, kuwa mvua iliwanyea wakiwa pamoja na Mtume (s.a.w.), naye akafunua sehemu ya nguo yake mpaka mvua ikampata mwilini, na alipoulizwa akasema kwamba ndiyo kwanza imetoka kwa Mola wake. Mzee akalia. Lakini mzee huyu huyu hamruhusu mtoto kukaa ndani ya laga akiona wingu mbali, hata kama juu yake mbingu ni nyeupe, kwani anajua kuwa maji ya laga huja kutokana na mvua iliyonyesha mahali pengine, yakashuka kwa ghafla. Furaha anayo na uangalifu anao, na kimoja hakikukifukuza kingine. Nikajiambia, laiti mwaka jana ningekuwa na nusu ya uangalifu wa mzee huyu.

Na hapa ndipo ninaporudi kwako, dada yangu uliyeandika barua. Umeniuliza kama umruhusu mwanao. Nimekuambia kuwa Nabii Yaqub aliogopa mghafala, na unajua yaliyompata. Lakini usiishie hapo katika sura ile. Endelea kusoma mpaka aya ya 64, uone alivyofanya mara ya pili, wale wana walipokuja tena kumwomba ndugu yake Yusuf waende naye Misri.

Aliwauliza kwanza, je, awaamini kwa huyu kama alivyowaamini zamani kwa ndugu yake? Hakujifanya kuwa amesahau. Basi nawe usijifanye umesahau, una haki ya kuniuliza hivyo, nami sina hoja. Pili, akasema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Mbora wa kulinda, akaiweka amana yake mahali pasipopotea kitu. Tatu, akakataa kumtoa mpaka wampe ahadi nzito kwa jina la Mungu kwamba watamrejesha, isipokuwa wakizingirwa wote wasiwe na hila. Tazama alivyopima! Amri ya Mungu iliyowazidi nguvu aliwaondolea lawama, lakini mghafala hakuuondolea. Nne, akawausia wasiingie kwa mlango mmoja bali waingie kwa milango mbalimbali, ndiyo kusema, alishika sababu. Na tano, baada ya yote hayo, akasema kuwa hawezi kuwaondolea chochote kilichokadiriwa na Mungu, na kwamba kwake Yeye ametegemea.

Hakumfungia mtoto nyumbani milele, ijapokuwa macho yake yalikuwa yameingia weupe kwa huzuni ya yule wa kwanza au yalikuwa karibu kuingia. Wala hakumtupa tu akasema, "Mungu atamlinda." Kuzuia kila kitu kwa hofu si tawakkul, na kuachilia kila kitu bila tahadhari si tawakkul. Tawakkul ni ile iliyo baina ya ahadi ya aya ya 66 na maneno ya mwisho ya aya ya 67.

Kwa hiyo nimewaandikia wenzangu wa darsa, nao wamekubali, kwamba mandari ya mwaka huu itakuwa kwa masharti haya. Siku itachaguliwa kwa kuwauliza wavuvi, nayo itakuwa katika maji mafu, si katika bamvua. Kila mtu mzima mmoja atapewa watoto wanne kwa majina yao, hao ndio amana yake, wala hataambiwa, "Tuko wengi." Watoto watahesabiwa kila saa, na katika kila sala. Watu wawili wanaojua kuogelea watakaa ukingoni bila kupika wala kuzungumza, na watapokezana. Chakula kitakuwa cha namna moja kwa wote, wali na mchuzi wa samaki, asijulikane mtoto wa tajiri wala wa masikini, na wanaume ndio watakaopika na kuosha. Tutaondoka na kila tulichokuja nacho, mpaka karatasi ya peremende. Na adhana itapigwa mwanzo wa wakati, hata kama wali u motoni.

Mimi mwenyewe nitashuka kutoka Diff kwa ajili ya siku hiyo, inshallah, na wanne walio katika dhima yangu wa kwanza wao ni mwanao, ukiniamini. Na ukisema, "Siwezi, moyo wangu bado," basi hapana lawama juu yako, na mtoto hatapungukiwa kitu katika darsa. Lakini likubali neno langu moja. Usimwambie mtoto kuwa bahari ni adui, wala kuwa Mungu alimwadhibu kwa kucheza. Mwambie kuwa bahari ni kiumbe cha Mungu, ina saa ya kupwa na saa ya kujaa, na kwamba watu wazima siku ile waliisahau saa yake. Makosa ni yetu, si yake. Mtoto akikua akidhani kuwa Mola wake humvizia katika furaha, tutakuwa tumemwokoa mwili wake na tumemzamisha moyo wake.

Nanyi ndugu zangu wengine, tokeni mkatazame dunia ya Mola wenu. Mtazameni ngamia kama mko bara, mtazameni mawimbi kama mko pwani, mtazameni mbingu zilivyoinuliwa popote mlipo. Cheni, chezeni na watoto wenu, kuleni mshukuru. Mnapoyamwaga maji ya kuoshea mikono, wakumbukeni ndugu zenu wa huku ambao hupima kila mtungi. Mnaporejea jioni, mwenye uwezo na atoe thamani ya kile ambacho angekula kuzidi kiasi, akakitia katika sadaka ya kuchimbia kisima au kununulia maji. Na kabla ya kutoka, kila mmoja na aitie moyoni hofu ile ya Nabii Yaqub, ajiulize ni nani aliye katika dhima yake, na yuko wapi.

Ewe Mola wetu, usitujaalie katika walioghafilika. Tulindie watoto wetu barani na baharini, na tulindie nyoyo zetu katika dhiki na katika raha. Wape ndugu zetu wa nchi hii mvua yenye manufaa isiyo na madhara, iotayo majani na kujaza mabwawa, wala usiifanye ya kuangamiza. Mlipe kheri yule mvuvi na yule mpishi ambao majina yao Wewe unayajua. Tusamehe kwa yale tuliyoyasahau tulipokuwa tukicheka, na kwa yale tuliyoyasahau tulipokuwa tukisomesha.

Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.